Toka Mutshatsha Hata Ng'ambo: Kiti cha Msafiri

Atokaye Kolwezi akifuata machweo ya jua huacha nyuma yake vilima vyekundu vya migodi, kisha huingia katika msitu wa miombo usiokwisha upesi. Akiisha kupita kilometa zaidi ya 100 atafika Mutshatsha, makao makuu ya wilaya yenye jina lilo hilo, katika jimbo la Lualaba. Ni nchi ya Walunda, Wandembo na Wachokwe. Nchi ya muhogo, ya asali na ya viwavi. Mgeni apitaye mbio huona nyumba, soko na kituo cha reli, akasema: hapa hapana jambo. Wenyeji wajua kwamba kituo kile kiliifanya Mutshatsha kuwa kizingiti cha dunia, kwa maana reli ile ile huenda mpaka bahari kuu.

Twataka kusema leo juu ya safari ndefu na juu ya kiti cha msafiri. Vijana wengi wa shule hutuuliza: yule anayekwenda ng'ambo hupataje nafasi iliyo njema, naye atengeneze nini kabla ya kuondoka? Swali ni zuri. Lakini ili kulijibu sawasawa, yafaa tuanze na reli yetu, maana ndiyo iliyowafundisha watu wa nchi hii neno "daraja".

RELI NA MADARAJA YAKE

Mwaka 1902 serikali ya Wareno ilimpa Mwingereza Robert Williams ruhusa ya kujenga reli toka bandari ya Lobito, katika Angola, kwa ajili ya kuifikia shaba ya Katanga. Kazi ilianza mwaka 1903, nayo ilichukua muda mrefu. Mwaka 1929 reli ilikuwa imefika Luau, mpakani, mwendo wa kilometa 1,344 toka baharini. Upande wa Kongo njia ilipita Dilolo, Kasaji, Mutshatsha na Kolwezi, ikaunganishwa kule Tenke mwaka 1931. Hivyo mtu wa Katanga aliweza kupanda gari la moshi, kushuka Lobito, kuingia melini na kufika Antwerp, Ubelgiji, pasipo kuzunguka kwa kusini mwa Afrika.

Lakini si kila mtu alikaa mahali pamoja. Siku za ukoloni kulikuwa na mabehewa ya Wazungu, yenye vitanda na mahali pa kulia chakula. Waafrika walikaa katika mabehewa ya madaraja ya chini, juu ya mbao, pamoja na mizigo na kuku wao. Rangi ya mtu ilimpa kiti chake kabla hajafungua mfuko wake wa fedha. Baada ya Uhuru wa mwaka 1960 daraja la rangi liliondoka. Daraja la fedha likabaki.

Kisha zikaja taabu nyingine. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia ya Lobito. Mwaka 1977 askari waliotoka Angola waliingia katika nchi yetu, wakaitwaa Mutshatsha tarehe 25 Machi. Jeshi la serikali, likisaidiwa na askari wa Moroko, liliurudisha mji tarehe 25 Aprili. Njia ya kwenda baharini ilikaa kimya muda wa miaka mingi. Mwaka 2015 reli ya Angola, iliyojengwa upya na Wachina, ilizinduliwa tena mpaka Luau. Mwaka 2023 upande wa Angola ulikabidhiwa kwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway kwa miaka 30, na mwisho wa mwaka ule ule shehena ya kwanza ya majaribio toka mgodi wa Kamoa-Kakula iliondoka Kolwezi kwenda Lobito.

Tazama basi jambo hili. Shaba imepata nafasi yake katika behewa: imepimwa, imeandikwa, inangojwa bandarini. Na binadamu je? Mwezi wa Machi 2022, karibu na kijiji cha Buyofwe, katika wilaya ya Lubudi ya jimbo letu hili la Lualaba, treni ya mizigo ilianguka. Juu yake walikuwamo watu wengi waliopanda pasipo tikiti, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kusafiri. Watu wapatao 75 walikufa. Hao hawakutafuta kiti cha fahari. Walitaka kufika tu. Kwa hiyo, kabla ya kusema juu ya viti laini vya ndege, tukumbuke kwamba hatua ya kwanza ya kupanda daraja ni kutoka juu ya mzigo na kukaa katika behewa la watu. Baba wa jamaa asiye na nauli ya leo, afadhali angoje wiki mbili kuliko kumpandisha mtoto juu ya treni ya mizigo. Na wenye mamlaka wasifikiri kwamba reli imekwisha kutengenezwa siku shaba inapopita, kama watu wangali wamesimama kando yake.

NDEGE NA VITI VYAKE

Siku hizi waendao mbali hawapiti Lobito, hupita angani. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alisafiri kwa ndege toka Brussels mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akatumia siku 51. Mwaka 1935 shirika la Sabena lilianza safari za kawaida, nazo zilichukua siku tano na nusu. Leo mtu wa Mutshatsha akifika Lubumbashi aweza kupanda ndege ya Ethiopian Airlines, akabadili ndege Addis Ababa, na kuamkia Ulaya.

Ndani ya ndege madaraja hayakwisha. Mbele kuna viti vipana vinavyolazwa kama kitanda, ndilo daraja la wafanyabiashara; katika ndege chache liko na daraja la kwanza mbele yake. Nyuma ni daraja la kawaida, ambamo wengi wetu tutakaa. Kiti cha mbele mara nyingi huuzwa mara tatu au zaidi ya bei ya kiti cha nyuma. Hata hivyo, wako watu waliolipa bei ya nyuma wakaketi mbele. Je, ni bahati tu? Siyo. Lina taratibu yake.

Mashirika mengi huuza tikiti kupita hesabu ya viti, kwa kuwa yajua kwamba wengine hawatafika. Siku ambayo wote wanafika, viti vya nyuma havitoshi. Ikiwa mbele pana nafasi, wachache hupandishwa daraja bure. Huchaguliwa kwanza wale wenye kadi ya uanachama wa shirika waliosafiri nalo mara nyingi, halafu waliolipa nauli kamili. Nguo nzuri na maneno matamu havisaidii sana siku hizi, kwa maana mashine ndiyo inayopanga orodha. Njia nyingine ni kutumia alama zilizokusanywa kwa safari za nyuma, au kulipa nyongeza ambayo mashirika kadhaa hutangaza siku chache kabla ya safari, nayo huwa pungufu ya bei ya kwanza. Kujiandikisha katika uanachama hakugharimu kitu; basi hata asafiriye mara moja na ajiandikishe kabla ya kununua tikiti.

Lakini shilingi ina pande mbili. Ikiwa mbele nako kumejaa, mtu huachwa chini. Anayeachwa mara nyingi ni yule aliyechelewa kujiandikisha uwanjani. Kwa safari zinazoanzia Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 iliweka fidia ya euro 600 kwa aliyenyimwa nafasi bila kosa lake katika safari ya kupita kilometa 3,500. Wengi hawaidai, kwa sababu hawakuambiwa.

KUPANGA SAFARI

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo ilivyo safari ndefu: hujengwa kwa mambo madogo. Twayataja yaliyo ya lazima.

Kwanza, pasipoti na viza. Haya yaanze miezi mingi kabla, tena tikiti isilipwe kabla viza haijaonekana kwa macho. Pili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tatu, tikiti iwe moja tangu Lubumbashi mpaka mwisho wa safari. Mwenye tikiti mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, hupoteza ya pili na fedha zake. Mwenye tikiti moja, shirika lapaswa kumtafutia ndege nyingine. Nne, ushuru wa uwanja wa ndege uitwao Go-Pass. Ulipoanzishwa mwaka 2009 ulikuwa dola 50 kwa safari za nje na dola 10 kwa za ndani. Ulizeni mapema kama umo katika bei ya tikiti. Tano, njia ya kwenda Lubumbashi: wakati wa masika barabara haina ahadi, kwa hiyo yafaa kufika mjini siku mbili kabla. Sita, ndani ya ndege tunywe maji, na kila baada ya saa kadhaa tuinuke na kutembea, ili damu isigande miguuni.

Kwa nini twasisitiza hivi? Kwa sababu tikiti moja ya kwenda Ulaya kwa jamaa nyingi za kwetu ni mavuno ya miaka, ni mbuzi waliouzwa, ni michango ya wajomba na shangazi. Mwanafunzi akikosa ndege kwa ajili ya karatasi moja, si yeye peke yake aliyekosa. Ukoo mzima umebaki uwanjani.

Na akipandishwa mbele, ashukuru na alale vizuri. Asipopandishwa, asione haya. Babu zetu walikaa juu ya mbao za daraja la chini, wala utu wao haukupungua, ijapokuwa wenye vitanda walidhani hivyo. Ndege ikitua, wa mbele na wa nyuma husimama chini ya jua moja. Kiti chema kuliko vyote ni kile kilicholipwa kwa haki, kisichomdai mtu uhai wake, na kinachomrudisha kwao salama ili asimulie aliyoyaona.