Shamba la Baba Limegeuka Viwanja

Gezaulole, huko Kigamboni, ni jina la Kizaramo: jaribu uone. Marehemu baba alijaribu zama za vijiji vya ujamaa, akapanda minazi, mikorosho na mihogo, na mavuno tukayavusha kwa pantoni hadi Magogoni.

Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, madalali wa viwanja walitutembelea kuliko wageni wa Idi. Baba alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mirathi ilikuwa haijagawanywa. Kaka zangu wakaanza kuuza vipande vya kando ya barabara, kwa hoja kwamba sisi mabinti tumeolewa, tunakula kwa waume zetu. Nilichodai ni nusu ya fungu la mwanamume, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa. Hilo ni fungu, si hisani ya kaka.

Shekhe wa mtaani akatuketisha mkekani. Mauzo yakasimamishwa, madeni ya marehemu yakalipwa, kisha ardhi ikapimwa. Mama, mwenye haki ya thumuni, alichagua kipande kinachopakana na makaburi yetu. Alisema hapo dalali hatabisha hodi.

Leo tumezungukwa na kuta za matofali, na watoto wa jirani huujua mkorosho kwa korosho za pakiti. Kiwanja kimoja kilichouzwa kabla ya kikao kile bado kina mgogoro. Mnunuzi, kijana mwenye familia, alikwisha kumwaga msingi. Fedha alizotoa zilikuwa za halali yake, nasi hatujakubaliana nani amrudishie.