Nusu Ndoo Tatu

Urambo

Mpwa wangu,

Mama yako kanisimulia kwamba darasa lako la nne limeisusa kazi mradi ya utamaduni: waliokusanya ni tisa, na wote tisa wamenakiliana. Fimbo iweke chini, mama. Swali lako ndilo bovu. "Eleza utamaduni wa Wanyamwezi" hata mimi ningeliacha nikacheze mpira.

Mimi darasani kwangu nilianza na ndoo. Niliijaza maji nusu, kilo kumi hivi, kila mtoto akaibeba kichwani kuuzunguka mwembe. Kisha nikawaambia: zamani mpagazi wa Kinyamwezi alibeba nusu ndoo tatu kama hiyo, za pembe za ndovu, kutoka hapa mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800 kwa miguu. Kicheko kikakatika. Kijana mmoja, mtoro hodari, akauliza: "Sasa walikuwa wanakula nini?"

Hiyo ndiyo ikawa kazi mradi. Nikamwambia akamuulize bibi yake. Kesho yake alikuja na michembe kwenye mfuko wa rambo, na bibi mwenyewe nyuma yake, kaja kuhakikisha mwalimu haipiki bila karanga. Tulikula darasani. Wiki ile hakuna aliyetoroka.

Mwingine akataka kujua kwa nini Mzaramo wa jirani alimtania baba yake hadi msibani. Nikamtuma akamuulize Mzaramo huyohuyo. Alirudi na kurasa nne za jinsi utani ule ulivyotokana na safari za pwani, mwandiko kama kuku kaparura, lakini kurasa nne!

Kwihara wapeleke, waone tembe alimokaa Livingstone, wapapase kuta zake za udongo. Ila usianze naye kama wanavyoanza wote. Mwaka 1872, Stanley alipoondoka, yule mzee alikaa pale miezi akingoja wapagazi kutoka pwani. Walipofika Agosti ndipo akapata kuondoka. Waulize watoto: hapo mkubwa wa msafara alikuwa nani? Waache wagombane kidogo.

Na kazi zisiishie mezani kwako. Taja Jumamosi moja, waalike mababu na mabibi waje kuzisikiliza. Mtoto anayejua bibi yake atakaa benchi la mbele hakosi kumaliza, maana bibi atamsahihisha mbele za watu.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi fuko la michembe. Kalichukue stendi mapema, na karanga ununue mwenyewe.

Mjomba wako