Mwalimu Anapogeuka Muuguzi

Ukiabiri matatu kutoka Nairobi alfajiri, utashuka Ruiru watoto wakimiminika shuleni, mikoba migongoni. Mji umefurika wapangaji, hasa tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa mwaka wa 2012.

Je, mmoja wa watoto hao akishikwa na homa saa nne, nani atamtazama? Shule nyingi za umma za kutwa hazina muuguzi. Aliyepo ni mwalimu mwenye kisanduku cha huduma ya kwanza: bendeji, pamba na dawa ya vidonda. Hali ikizidi, mzazi hupigiwa simu. Wauguzi huonekana siku za chanjo, kama ile ya kuwakinga wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza mwaka wa 2019.

Endelea hadi Thika, ambako Salvation Army ilianzisha shule ya vipofu mwaka wa 1946, na Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, mwaka wa 1962. Kwa watoto kama hawa wa Joytown, uuguzi hauna likizo. Anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu huweza kupata kidonda asichokihisi. Sharti mtu amkague kila siku.

Mzazi mpenzi, mwanao wa shule ya kutwa hana mkaguzi huyo. Kesho asubuhi, hakikisha mwalimu wake ana nambari yako ya simu, na anajua iwapo mtoto ana pumu au kifafa.