Askari Wanane wa Risasi

Mwaka jana, nikitafuta picha za King's African Rifles kwa ajili ya kazi ya darasani, niliona askari wanane wa kuchezea. Walitengenezwa London na kiwanda cha Britains. Kila mmoja ana kimo cha milimita 54 hivi, amevaa tarbushi nyekundu na nguo za kaki, na bunduki iko begani. Ndani wako wazi: tangu mwaka 1893 kiwanda hicho kilikuwa kikimimina risasi iliyoyeyushwa katika kalibu na kuimwaga upesi, likabaki ganda jembamba tu. Siku hizi wakusanyaji huwanunua kwa bei ghali, hasa wakiwa bado katika sanduku lao.

Nilisisimka. Baba yake jajja, ndivyo tumwitavyo bibi kwetu Buganda, alikuwa askari wa KAR. Mwaka 1944 alipigana Burma. Hatuna picha yake hata moja. Nilipokwenda kijijini nilimwonyesha jajja askari wale kwenye simu.

"Jajja, tazama. Baba yako alivaa hivi."

Aliwatazama kwa muda mrefu. "Ni yupi kati yao, mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu. Wote walikuwa na sura moja.

Nilimweleza kwamba huko Ujerumani, askari wa kuchezea wa chapa ya Elastolin walitengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi, lakini sanamu nyingine za Hitler ziliwekewa kichwa cha kaure ili zifanane naye.

"Kwa hiyo aliyeleta vita ana uso wake," alisema, "na baba yangu hana?"

Jajja hakipendi Kiswahili. Kwake ni lugha ya wanajeshi waliovunja milango usiku zama za Amin. Nilipochagua kukisoma chuoni, hakunisemesha kwa siku mbili. Lakini jioni ile alisimama, akanyoosha mgongo, akasema kwa Kiswahili: "Safu moja! Nyuma geuka!"

Kumbe baba yake aliwaamrisha hivyo kila walipokwenda kuteka maji. Alikuwa na pengo mbele, akaniambia, na sauti nyembamba kama ya mtoto, hata wakawa wanacheka wakiwa kwenye safu.

Nimeyaandika haya kwa Kiswahili, lugha aliyorudi nayo kutoka vitani. Nikimaliza nitamsomea jajja. Akikasirika, nitamwamuru ageuke nyuma.