Umebeba Nini?

Baba yangu amepanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na hajawahi kufika kileleni.

Alikuwa mgumu. Ndivyo tunavyowaita wapagazi kwetu Marangu, na jina linajieleza. Siku ya kwanza, kutoka getini hadi Mandara, mita 2,720. Siku ya pili Horombo, mita 3,720. Kisha jangwa lile la mawe na upepo hadi Kibo. Hapo mzigo unatuliwa. Usiku wa manane waongozaji huondoka na wageni kuelekea kilele, mita 5,895, na wagumu hubaki kambini wakisubiri. Baba aliifanya kazi hiyo miaka 19. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumalizia kipande kilichobaki. Akanijibu, “Nani angenilipa kipande hicho?”

Mimi sasa nasoma shahada ya uzamili Grenoble, Ufaransa, na mwisho wa wiki naosha vyombo mgahawani. Mwaka wa kwanza upweke ulinikaba. Kilichonitoa chumbani ni kikundi cha wanafunzi wanaokimbia milimani: si barabarani, bali kwenye vijia vya mawe, mizizi na matope. Waliposikia natoka chini ya Kilimanjaro walifurahi sana, kana kwamba mlima huambukizwa kwa kuishi jirani nao. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi hata kuvuka geti la Marangu. Kwetu mlimani hakuendwi kutembea. Huendwa na mzigo, au haiendwi kabisa.

Nilijifunza haraka siri ya mchezo huu: kwenye mwinuko mkali karibu kila mtu hutembea, mikono ikisukuma mapaja, pumzi zikilia kama mvukuto. Mbio zenyewe ziko kwenye mteremko. Huko miguu inabidi iamue kabla ya akili, na kwa dakika chache unasahau kodi ya chumba, tasnifu, na nyumbani. Hasa nyumbani.

Mwezi Juni nilinunua viatu vya mbio hizo. Euro 140. Wiki ileile mama alinitumia ujumbe wa sauti: goti la baba limevimba tena, daktari anataka lipigwe picha, “ila mwenyewe amesema usiambiwe.” Nilituma nilichobakiwa nacho. Hakikutosha. Sikusema kwa nini nilikuwa nimebakiwa na hicho tu.

Goti hilo lina historia. Baba alikuwa anashuka kutoka Horombo kwenye mvua, mzigo wa vyombo vya jikoni kichwani, akateleza kwenye jiwe. Sufuria zilitangulia, yeye akafuata. Aliyemwajiri safari ile alimlipa siku alizofanya kazi hadi siku ya kuanguka, basi. Alipumzika miezi miwili, akarudi kubeba miaka sita mingine. Ada yangu ya sekondari imo humo.

Julai tukaenda kukimbia katika hifadhi ya Aiguilles Rouges, iliyoanzishwa mwaka 1974 juu ya bonde la Chamonix. Jina lake maana yake ni sindano nyekundu, na vilele vyake kweli vimechongoka hivyo. Ng'ambo ya bonde unautazama Mont Blanc uso kwa uso. Hifadhi ina masharti: mbwa haingii, ua halichumwi, njia haiachwi. Hili la mwisho wakimbiaji hulivunja zaidi, kwa sababu njia inapinda na kupinda tena, na miguu yenye haraka hutamani kukata kona. Lakini kule juu majani yana miezi michache tu ya kukua kati ya theluji na theluji. Ukikanyaga leo, mwenzako akapita kesho, kinachobaki ni mfereji, na mvua humalizia kazi.

Tulianzia Tré-le-Champ, mita 1,417. Baada ya msitu kulikuja ngazi za chuma zilizopigiliwa kwenye mwamba. Ukipanda humo huna budi kuangalia mikono yako, si shimo lililo chini. Kwenye maziwa madogo ya Chéserys tukamkuta mbuzi dume wa milimani, pembe zimepinda hadi mgongoni, kasimama katikati ya njia. Katika karne ya 19 walikuwa wamebaki kama mia moja tu katika milima yote ya Alps, upande wa Italia, na waliokolewa na mfalme aliyetaka kuwawinda peke yake. Huyu hakuwa na habari na mfalme wala na sisi. Tulisubiri. Alipoondoka aliteremka jabali bila kukimbia, akijaribu kila jiwe kwa kwato kabla ya kuliamini.

Saa nne asubuhi nilikuwa Lac Blanc, mita 2,352, vipande vya barafu bado vikielea ziwani. Nyumbani ilikuwa saa tano. Simu ilikuwa na mtandao. Nikampigia baba kwa video, sijui kwa nini siku hiyo na si nyingine.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Uko wapi huko kunakopuliza hivyo?”

Nikageuza kamera. Alikuwa chini ya migomba, kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitazama muda mrefu. Ng'ambo, Mer de Glace ilikuwa imelala ndani kabisa ya bonde lake, na kuta za kijivu pande zote mbili zilionyesha barafu ilikuwa imefika wapi zamani.

“Hiyo nayo inakwisha,” akasema. “Kama ya huku.” Kisha, “Umefikaje hapo?”

“Tumekimbia.”

“Mmekimbia. Mnafukuzwa na nani?”

“Hakuna, baba. Ni mchezo.”

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amewauliza vijana wengi getini, mbele ya mizani.

“Umebeba nini?”

Nikamhesabia: maji, koti la mvua, filimbi, blanketi la dharura, karanga. Hazikufika kilo mbili. Mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20, na baba alianza kazi, anasema, siku ambazo mizani haikuwa ikisumbua mtu. Nilimwona akijaribu kutocheka. Au labda haikuwa kicheko. Nikasema kabla sijaogopa:

“Baba, viatu hivi ni euro mia na arobaini. Nilivinunua wiki ile ya goti.”

Kuku alilia mahali fulani nyuma yake. Baba alisugua paja.

“Vinashika kwenye jiwe lenye maji?”

“Vinashika.”

“Nionyeshe chini.”

Nikakaa juu ya mwamba, nikainua mguu, nikaelekeza soli kwenye kamera kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda. Akataka niisogeze karibu. Akakagua meno yake moja moja.

“Siku ile mimi nilivaa raba za mtumba, soli imelika kama sabuni,” akasema. “Ningekuwa navyo hivyo, leo tungekuwa tunaongea mengine.”

Hakusema nimekosea. Hakusema nimesamehewa pia. Alisema, “Sasa sikiliza. Kupanda kunachosha, kushuka ndiko kunakokula magoti. Hatua fupi. Usikite kisigino. Usikate kona, hata ukiwa wa mwisho.”

Nilikuwa wa mwisho. Wenzangu waliruka kuelekea Col des Montets kama mawe yaliyoachiwa, nami nikashuka kwa hatua fupi, kona kwa kona, nikisikia kila goti langu zima likifanya kazi yake.

Picha ya goti ilipigwa Agosti, baada ya mimi kuosha sufuria za watu zamu nane za ziada. Gegedu imelika pande zote mbili. Halitarudi kuwa goti la zamani. Sijaacha kukimbia, na viatu bado ninavyo. Desemba nitakwenda nyumbani, na tumekubaliana kupanda hadi Mandara, mimi na yeye. Mama anasema hatafika hata nusu ya msitu. Baba anasema tutakwenda polepole kama wageni, tutageuka goti litakapotaka, na maji nitabeba mimi.