Kauli za Taa: Lugha ya Madereva wa Malori Mlolongo

Jina la mji wa Mlolongo, Kaunti ya Machakos, lilitokana na msururu wa malori yaliyosubiri kupimwa uzito kwenye mizani kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Ni jina lililozaliwa na kazi.

Kazi hiyo ina sajili yake. Msaidizi wa dereva nchini Kenya huitwa tanboi; nchini Tanzania huitwa utingo. Hata hivyo, mengi husemwa bila mdomo wala redio ya mawasiliano. Dereva anayemulika taa mchana humwonya mwenziwe kwamba mbele kuna askari au hatari. Matawi mabichi yaliyotandazwa kwenye lami hutangaza kwamba gari limekwama.

Utata mkubwa umo katika indiketa. Lori likiwasha ya kulia, aliye nyuma huambiwa, "Usipite." Likiwasha ya kushoto, huambiwa, "Pita, njia ni nyeupe." Lakini kisheria, ya kushoto humaanisha kwamba lori lenyewe linakata au linaegesha. Dereva anayetaka kuegesha tu huenda hajatazama kama kuna gari linalokuja, ilhali aliye nyuma amekwisha kuisoma ishara kama ruhusa.

Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba ishara hupata maana kwa makubaliano ya watumiaji. Barabarani, makubaliano yakigongana, magari nayo hugongana. Kwa hiyo, lugha hii isipuuzwe kuwa ya mitaani tu. Inastahili kukusanywa na kuchunguzwa na wanafunzi wa Kiswahili.