Kisanduku cha Marehemu Padre



Likizo iliyopita sisi mafrateri wanne tulipangiwa kusaidia katika parokia moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kazi ya kwanza tuliyopewa na paroko haikuwa ya altareni bali ya stoo: tufute vumbi, tutenganishe vitu vya kutunza na vya kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chini ya mabango ya Pasaka za zamani tukakuta kisanduku bapa cha kijivu, ukubwa wake kama misale ya altare, kimeandikwa Roland MT-32. Tulikuwa tumeshakiweka upande wa chuma chakavu.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kariakoo, akakirudisha. "Mnajua hiki ni nini? Hiki kilikuwa kinapiga muziki wa magemu ya zamani." Mjomba wake alikuwa na kibanda cha gemu, na yeye amekulia humo.

Mama mmoja wa kwaya akatueleza yaliyobaki. Kilikuwa cha padre mmisionari, sasa ni marehemu, aliyekiunganisha na kompyuta yake ili wanakwaya wajifunze sauti nne hata siku ambayo mpiga kinanda hayupo. Tangu alipofariki hakuna aliyekigusa. Paroko akasema tukiweza kukifufua, kibaki.

Kisanduku hicho kilitoka mwaka 1987. Zama hizo kompyuta nyingi za aina ya PC zilikuwa na spika ndogo tu ya kutoa mlio. Kampuni za michezo zikaanza kutunga muziki kwa ajili ya vifaa vya namna hii vinavyokaa nje ya kompyuta. King's Quest IV ya kampuni ya Sierra ya Marekani, mwaka 1988, ni kati ya michezo ya mwanzo kufanya hivyo. Kompyuta haikitumii kisanduku sauti. Inakitumia maagizo kwa lugha iitwayo MIDI, ambayo watengenezaji wa vinanda walikubaliana mwaka 1983: piga noti hii, kwa nguvu hii, iachie sasa, tumia chombo namba fulani. Kwenye waya hamna muziki wowote. Ni kama karatasi ya noti mkononi mwa mwanakwaya: karatasi haiimbi, anayeimba ni yeye.

Kisanduku hakikuwa na adapta, hivyo tukaenda kuitafuta Kariakoo. Tulitembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, tukaingia Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga, tukapenya kati ya mikokoteni. Njiani mwenzetu alitukumbusha kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, waliokuwa na kambi pale. "Mtaa wetu umepewa jina la watu waliobeba mizigo ya wengine," alisema. Hatukumtilia maanani.

Muuzaji wa kwanza alituuzia adapta ya volti 9 na kutuhakikishia kwamba itafaa. Bahati nzuri, kabla ya kuichomeka, mwenzetu alitupeleka kwa fundi mmoja mzee, mwenye meza chini ya ngazi za ghorofa karibu na Mtaa wa Aggrey. Tulimwamkia, akaitikia, akakigeuza kisanduku na kusogeza miwani.

"Wanangu, someni huu mchoro. Adapta nyingi hapa mjini chanya iko katikati. Hiki kinataka hasi katikati. Mngechomeka hivyo hivyo, mngekiunguza."

Alikata waya, akageuza nyaya, akalehemu, akafunga tepu, akapima kwa mita mara mbili. Kioo kidogo cha mbele kikawaka. Kwenye duka la vyombo vya muziki tukapata waya wa plagi za duara za pini tano, na mwingine wa kuunganisha na kompyuta. Tukarudi parokiani tukishangilia.

Jioni ile tuliunganisha kinanda cha kwaya na kisanduku, na kisanduku na spika. Tukabonyeza. Kimya. Tukabadilisha waya, tukajaribu spika nyingine, tukazima na kuwasha. Kimya. Kioo kinawaka na kuonyesha sauti iko 100, lakini hakuna kinachosikika. Siku mbili zilipita hivyo, na kila tulipokosa jibu tulizidi kuwa na uhakika kwamba tunamjua mkosaji.

Siku ya tatu tulirudi kwa fundi. Tunaona aibu kuandika tulichofanya. Mbele ya wateja wake tulimwambia kwamba ameharibu mali ya kanisa. Mzee hakupandisha sauti. Alichukua mita, akatuonyesha volti 9, hasi katikati.

"Umeme huu hapa, na kitu kinawaka. Hayo mambo yenu ya muziki mimi siyajui. Ila kitu kikiwaka na kisijibu, mimi hujiuliza kwanza kama nimekiita."

Tuliondoka bila kumshukuru.

Usiku mwenzetu alikaa na simu yake akisoma kijitabu cha maelekezo alichokipata mtandaoni. Karibu na saa sita akatuamsha. Kwenye waya mmoja wa MIDI kuna chaneli 16, na kila noti inayotumwa hubeba namba ya chaneli yake. Kifaa hupokea zote, lakini huitikia zile tu kilizopangiwa. MT-32, jinsi ilivyotoka kiwandani, husikiliza chaneli ya 2 hadi ya 9 kwa sehemu zake nane, na ya 10 kwa ngoma. Chaneli ya 1 haimo. Kinanda cha kwaya, kama vinanda vingi, kilikuwa kinatuma kwenye chaneli ya 1. Siku mbili nzima tulikuwa tunabisha hodi kwa jirani.

Tukabadilisha kinanda kitume kwenye chaneli ya 2. Akabonyeza noti moja, na kisanduku cha marehemu padre kikaitika.

Kesho yake mchana tukajaribu gemu. Hatukutaka nakala ya wizi, hivyo tulichagua Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994, kazi ya Revolution Software ya Uingereza, ambayo tangu 2003 inagawiwa bure kwa ruhusa ya wenyewe. Tuliiendesha kwa programu iitwayo ScummVM. Muziki ulitoka, lakini vyombo vilikuwa vimechanganyikana: mahali tulipotarajia chombo fulani, kikalia kingine kabisa. Safari hii hatukukimbilia kwa fundi. Tulisoma.

Mwaka 1991 watengenezaji walikubaliana orodha moja ya vyombo 128, kila kimoja na namba yake. MT-32 ilikuwepo kabla ya makubaliano hayo. Nayo ina sauti zake 128, ila zimepangwa kwa utaratibu wake. Programu ilidhani inaongea na kifaa cha orodha mpya, ikawa inatafsiri namba za gemu kwa ajili ya kifaa ambacho hakipo. Katika mipangilio yake kuna mahali pa kuweka alama ya kuijulisha kwamba upande wa pili kuna MT-32 halisi. Tukaweka alama, tukaanza upya. Vyombo vikakaa mahali pake.

Watoto wa Utoto Mtakatifu waliokuwa wakisubiri mafundisho wakajaa dirishani. Mmoja akauliza sauti inatoka kwenye kompyuta au kwenye kisanduku. Mwenzetu akamjibu, "Maneno ni ya kompyuta. Sauti ni ya kisanduku." Tulimwona anafuraha kuliko siku zote tulizomfahamu.

Usiku ule ule alituambia kwamba masomo yakifunguliwa harudi seminarini. Alikwisha zungumza na mlezi wake wa kiroho na Gombera.

Swali letu la kwanza lilikuwa: nani amekuharibu? Tuliuliza kuhusu marafiki, kuhusu simu, kuhusu msichana. Alituacha tumalize, kisha akasema, "Mnaniuliza kama mlivyomuuliza yule mzee."

Tulinyamaza. Baadaye mmoja wetu, akitafuta neno la faraja, akasema labda kila mtu ana chaneli yake. Akacheka. "Msinifanye mfano wa mahubiri. Nimesali juu ya jambo hili miaka mitatu. Nilikuwa naitikia kwa sababu mama anafurahi. Sasa sijui nitamwambiaje."

Jumamosi tulimsindikiza nyumbani kwao, Kariakoo. Tulipita kwanza kwa fundi. Tulimwomba radhi palepale mbele ya wateja, kwa kuwa ndipo tulipomkosea. Alifuta mikono, akasema, "Yamekwisha. Kinalia?" Tukamwambia kinalia. "Basi."

Mama yake alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza mwanawe. Alitutazama sisi watatu kama anayetaka kujua kama tunajua jambo asilolijua yeye. Hatukujua. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa upande wa khanga, akainuka. "Mmekula?" akauliza, na kabla hatujajibu alikuwa ameshakwenda kuchukua sahani.

Tangu siku hiyo tumeisoma tena habari ya Samweli hekaluni. Alisikia akiitwa, akakimbia kwa Eli mara tatu, na mara zote Eli hakuwa amemwita. Zamani tulikuwa tukimtazama Samweli tu. Siku hizi tunamtazama pia Eli, mzee aliyeamshwa usingizini mara tatu na hakumkemea kijana wala kumwambia kwamba ana kasoro. Alimrudisha akalale, akamfundisha namna ya kuitika. Sisi, ndani ya juma moja, tulikuwa tumewashitaki watu wawili ambao hawakuharibu chochote, kwa sababu tu kimya kilitutia hofu. Tunajiandaa kuwa wachungaji. Watu watakuja kwetu na kimya cha namna hiyo, na si vizuri wakute tumeshaamua nani mkosaji.

Kisanduku sasa kiko chumba cha kwaya. Paroko amekiruhusu kwa mazoezi tu. Alitukumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1963 juu ya liturujia, uliipa ogani ya mabomba heshima ya pekee na kuruhusu vyombo vingine vinavyofaa ibada. Gemu, akaongeza akitabasamu, hazikutajwa.

Kabla ya kuondoka mwenzetu alibandika karatasi juu ya kisanduku kwa ajili ya watakaokuja baada yetu: "Volti 9, hasi katikati. Husikiliza chaneli 2 hadi 10. Kikinyamaza, msikitupe."

Tunaoandika haya ni sisi watatu tuliorudi. Tunawaomba mumkumbuke mwenzetu katika sala zenu, pamoja na mama yake.